Nina aleji, nipe Piriton: mtafute anayekuwasha kabla ya kumeza kidonge

"Dada, nipe Piriton za mia mbili."

Miaka niliyokaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, hakuna maneno niliyoyasikia mara nyingi kuliko hayo. Ukimuuliza mteja anaumwa nini, jibu ni moja: aleji. Anayepiga chafya ana aleji. Aliyevimba mdomo ana aleji. Anayejikuna usiku kucha, yeye na mkewe na watoto wote, naye ana aleji. Neno limegeuka gunia, kila kinachowasha kinatumbukizwa humo.

Aleji, au mzio kama vitabu vinavyosema, ni kinga ya mwili kukosea adui ni nani. Inakipiga vita kitu kisicho na kosa, kama vumbi au karanga, na katika vurugu hiyo seli zinamwaga kemikali iitwayo histamini. Histamini ndiyo inayowasha, inayovimbisha na kutoa kamasi. Piriton na ndugu zake kazi yao ni kuizuia hiyo histamini tu. Kama shida yako haikuletwa na histamini, ulichonunua ni usingizi.

Kwa hiyo kabla sijafungua droo nilikuwa nauliza mambo mawili: inaanza saa ngapi, na inakaa muda gani? Wateja walitaka kunisimulia walichokula. Chakula nacho kina sehemu yake, ila saa ilinionyesha njia mara nyingi zaidi.

Hali ambayo haina muda wa maswali

Mtu amekula, au amechomwa na nyuki, au amepewa dawa, na ndani ya dakika chache ulimi au koo vinavimba, sauti inakwaruza, anahema kwa shida, anatapika mfululizo au anaishiwa nguvu na kuanguka. Hiyo ni anafilaksisi, na dawa yake ni adrenalini: sindano ya pajani, miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Piriton hapa haiokoi mtu. Inachelewa, na koo halisubiri.

Mlaze chali, miguu iinuliwe. Kama kinachomsumbua zaidi ni pumzi, mkalishe. Mjamzito alale ubavu wa kushoto. Msimwinue ghafla wala kumtembeza hadi barabarani kutafuta usafiri. Mbebeni, maana presha ikiwa imeshuka, kusimama tu kunaweza kummaliza. Akipata nafuu kituoni abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa sababu dalili zinaweza kurudi hata bila kula tena kile kitu. Kama kwenye familia yenu yupo aliyewahi kupatwa na hali hii, ulizeni leo, mkiwa mmetulia, ni kituo gani cha karibu chenye adrenalini na kinachofunguliwa usiku.

"Naamka na chafya kumi mfululizo"

Hapa saa imeshasema. Kama chafya zinakuja alfajiri na kupungua ukishatoka nyumbani, mshukiwa yuko chumbani, na mara nyingi umemlalia. Kwenye godoro na mito wanaishi utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho, wanaokula magamba ya ngozi yetu. Wanapenda unyevu, ndiyo maana Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja ni kwao. Kinachotuchokoza hasa ni kinyesi chao, kwa hiyo kuwaua peke yake hakutoshi, lazima uchafu wao uondoke.

Kwanza hakikisha si mafua ya kawaida. Mafua ya virusi yana mwisho, siku saba hadi kumi, na mara nyingi mwili unauma. Ya aleji yanaweza kukaa miezi: kamasi jepesi kama maji, pua na macho vinawasha, hata kaakaa linawasha hadi unalikuna kwa ulimi. Aleji ya pua haileti homa. Ukiwa na homa, nenda kapime malaria.

Kisha shughulikia kitanda. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, nyuzi 60 ndizo zinazoua utitiri. Godoro na mto vivishwe mfuko unaoziba pande zote. Godoro likitolewa juani na kupigwa, ni vizuri, ila asilipige mwenye aleji mwenyewe. Hilo vumbi lote litaishia puani mwake. Sakafu ifutwe kwa tambara lenye maji badala ya kufagiwa kavu. Chandarua usikiingize kwenye ratiba ya kila wiki kama ni chenye dawa. Kifue mara chache, kwa sabuni ya kawaida, na ukianike kivulini, kwa sababu jua kali linaharibu dawa yake. La sivyo utakuwa umeondoa chafya na kukaribisha mbu.

Moshi ni kesi nyingine. Dawa ya mbu ya kuchoma, udi, kuni na mkaa vinakwaruza pua na kifua cha mtu yeyote, awe na aleji au asiwe nayo. Kidonge hakisaidii kitu hapo. Kitoe chetezo chumbani.

Chafya zikija kwa msimu, baada ya mvua, tazama nyasi. Nairobi mjakaranda unasingiziwa sana, kwa vile unachanua kuanzia Septemba hivi, na kila mwenye mafua anaona barabara imegeuka zambarau. Lakini chavua ya mjakaranda ni nzito, inabebwa na wadudu. Inayopeperuka hadi puani kwako ni ya nyasi, ambazo hakuna anayezipiga picha. Masika nayo inaleta ukungu kwenye makabati na kuta; ukisikia harufu ya uvundo kwenye nguo, umeupata.

Na kama unapata nafuu Jumapili na kuugua Jumatatu, chunguza kazini: unga wa mkate, vumbi la mbao, dawa za saluni. Wapishi wa mikate wengine hupata hadi pumu kwa sababu ya unga.

"Pua imeziba, hata dawa haifungui"

Swali langu la kwanza: umetumia matone ya kufungua pua kwa muda gani? Matone yenye zailometazolini au oksimetazolini yanafungua pua ndani ya dakika, raha kweli. Ukiyazidisha siku tano, pua inayazoea. Kila yakiisha nguvu inaziba zaidi kuliko mwanzo, nawe unaongeza tone. Nimewahi kuwa na mteja aliyetembea na kichupa mfukoni miezi minane akiamini ana aleji isiyopona. Aleji yake ilikuwa imeshaisha zamani, kilichobaki ni kichupa. Dawa ni kuyaacha na kuvumilia wiki moja au mbili ngumu, daktari akikusaidia kwa dawa ya kupuliza ya steroidi, yaani ya kutuliza uvimbe.

Hizo za steroidi, flutikasoni, beklometasoni au mometasoni, ndizo zenye nguvu zaidi kwa pua ya aleji inayosumbua kila siku, na ndizo zinazolaumiwa zaidi, kwa kuwa hazifanyi kazi papo hapo. Watu walikuwa wananirudia siku ya tatu wakidai nimewauzia maji. Zinahitaji kutumiwa kila siku, na nguvu yake kamili inaonekana kwenye wiki moja hadi mbili. Namna ya kupuliza ina maana: inamisha kichwa mbele kidogo, shika kwa mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, elekeza upande wa sikio. Ukielekeza ukuta wa katikati, utatoka damu. Usivute kwa nguvu. Ukiisikia ladha yake kooni, ujue imeipita pua.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi ni tiba ya nyumbani ninayoipigia debe bila aibu. Glasi moja ya maji, kama mililita 240, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji lazima yawe yamechemshwa kwanza na kupoa hadi vuguvugu. Ya bomba au kisima yasiingie puani hivi hivi, yanaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumboni havina neno lakini puani ni hatari. Magadi usitie, yanaunguza. Inamia sinki, mimina tundu la juu, yatokee la chini. Mara ya kwanza inatisha. Osha kabla ya kupuliza dawa, si baada yake.

Sasa mtoto. Alikuja mama mmoja na kijana wake wa miaka kama minne, akaomba dawa ya aleji ya maji.

"Anatoa kamasi wiki tatu sasa, halafu linanuka."

"Pua zote mbili, mama?"

Akamgeuza mtoto, akatazama vizuri. "Hii moja tu."

Nikamrudishia pesa yake, nikamwelekeza hospitali. Walimtoa ushanga. Tundu moja linalotoa uchafu unaonuka kwa mtoto mdogo lihesabu kuwa lina kitu ndani hadi daktari aseme vinginevyo. Usijaribu kukichokoa. Kama kuna uwezekano ni betri ndogo ya kitufe, usingoje hata kesho, kwa sababu inaunguza nyama kwa saa chache.

Macho

Kitambaa safi cha maji baridi, na mikono ikae mbali. Kusugua kunamwaga histamini zaidi. Macho yakiuma badala ya kuwasha, yakiogopa mwanga au kuona ukungu, hiyo si ya duka la dawa. Kuna watoto wetu wengi ambao macho yanawasha mwaka mzima hadi weupe unakuwa kama umepakwa kahawa. Wazazi hununua matone yenye steroidi kwa kuwa yanatuliza haraka. Yakitumika miezi bila kupimwa yanaweza kuleta presha ya macho na upofu. Wapelekwe kliniki ya macho.

"Ngozi inaumuka mabaka"

Chukua kalamu ya wino, zungushia baka moja, andika saa. Kesho yake angalia. Baka la aleji ya ghafla huinuka, huwasha, kisha hupotea lenyewe ndani ya saa 24 bila kuacha alama, hata kama jingine limeota pembeni. Likiwa bado lipo pale pale ulipochora, shuku kitu kingine.

Kama limehama, ndugu wa Piriton, setirizini au loratadini ya miligramu 10, mara moja kwa siku inafaa kwa mtu mzima. Kisha rudi nyuma saa mbili tu, ujiulize nini kiliingia mdomoni: karanga, korosho, kamba, mayai, maziwa. Usisahau dawa za maumivu. Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni zinaamsha mabaka kwa watu wengi, na tunazimeza bila kuzihesabu kama dawa. Mabaka yakiendelea zaidi ya wiki sita, acha kujinyima chakula. Kwa wengi wa hali hiyo hakuna chakula kinachopatikana na kosa, na nimeona watu wakikonda bure kwa kuacha kimoja baada ya kingine.

Mimi mwenyewe nilijinyima samaki karibu mwaka mzima. Nilikula jodari wa kukaanga mgahawani, na haikupita nusu saa uso ukawa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, moyo unakimbia. Nikaapa kuwa nina aleji ya samaki. Nilichokosa kukitilia maanani ni kwamba wenzangu wawili niliokula nao meza moja walikuwa hivyo hivyo. Watu watatu hawaanzi aleji moja siku moja, saa moja. Jodari, nguru na vibua wakikaa nje ya barafu, bakteria wanatengeneza histamini kwenye nyama yenyewe, na kukaanga hakuiondoi. Nilikuwa nimeila histamini iliyo tayari. Ndiyo sababu kidonge cha aleji kilinisaidia siku ile, na ndiyo sababu nilidanganyika. Aleji ya kweli ya samaki ingerudi hata kwa samaki aliyetoka baharini asubuhi ile. Usifanye jaribio hilo nyumbani kama uliwahi kubanwa pumzi.

Baka likikaa zaidi ya siku moja, washukiwa wanabadilika. Usiku linawasha kuliko mchana, kati ya vidole, viganjani, kiunoni, na nyumba nzima inajikuna? Huo ni upele. Dawa ni ya kupaka, benzili benzoeti au pemethrini, watu wote wa nyumba kwa siku moja, na mashuka yafuliwe. Duara lenye ukingo ulioinuka na katikati safi? Fangasi. Hapo krimu ya steroidi kama betamethazoni ni mtego: muwasho unatulia, fangasi wanasambaa chini kwa chini. Mstari wa malengelenge unaounguza, umejitokeza siku moja baada ya mvua kubwa? Huenda ni yule mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayeitwa Nairobi fly. Hang'ati, unamponda mwenyewe shingoni na sumu yake inakuunguza. Mpulize atoke, na kama ameshapondeka osha kwa sabuni na maji mara moja.

Halafu kuna piko. Huku pwani hakuna harusi isiyo na hina, na hina nyekundu ya majani ni nadra kumdhuru mtu. Piko ni habari nyingine. Ile nyeusi ni rangi ya nywele yenye kemikali ya PPD, inayopakwa kwenye ngozi ikiwa kali kuliko ilivyokusudiwa. Bibi harusi anapakwa Alhamisi, Jumamosi maua yanawasha, Jumatatu yamekuwa malengelenge yenye umbo la maua yale yale. Aleji ya kugusa ndivyo ilivyo, inakuja siku moja hadi tatu baadaye, ndiyo maana lawama inaangukia biriani. Na mwili hausahau: miaka kumi mbele ukipaka rangi ya nywele, uso mzima unaweza kuvimba. Osha, weka kitambaa cha maji baridi, mwone daktari akupe krimu ya steroidi kwa siku chache. Piriton hapa haina kazi kubwa, kwa kuwa aleji ya aina hii haiendeshwi na histamini.

Kikohozi cha usiku

Kikohozi kikavu kinachoamsha mtu saa tisa usiku, kifua kinabana na kulia kama filimbi, kimtazame kama pumu hadi ipimwe. Dawa za kikohozi zenye kuleta usingizi zinaficha tatizo. Mwenye pumu anayetegemea pampu ya salbutamoli kila siku anahitaji pia dawa ya kuvuta ya steroidi ya kutuliza njia za hewa, aende kliniki. Kwa mtoto asiyeweza kuvuta vizuri, chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu inatosha kuwa chemba, yaani chombo cha kuvutia dawa ya pampu. Ilijaribiwa Cape Town kwa watoto wenye pumu, matokeo yakachapishwa mwaka 1999.

Vya jikoni na vya kabatini

Asali ni nzuri kwa koo, lakini haiponyi aleji, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asionje kabisa. Nyungu inalainisha kamasi kwa saa moja. Inayonitia hofu ni sufuria ya maji ya moto na mtoto chini ya blanketi moja. Mafuta ya nazi yanasaidia kweli ngozi kavu inayowasha, yapake mara tu baada ya kuoga. Habasoda kuleni kama mnaipenda, ila isichukue nafasi ya pampu ya pumu. Mwarobaini kwenye ngozi iliyochubuka, hapana.

Piriton si dawa mbaya. Ni ya zamani, na inaingia ubongoni, ndiyo maana inalaza. Dereva wa bodaboda au wa daladala asiimeze akiwa kazini, na asiichanganye na pombe. Babu mwenye tezi dume anaweza kushindwa kukojoa, na mwenye presha ya macho aulize kwanza. Soma pia karatasi ya dawa za mafua za mchanganyiko. Nyingi tayari zina klofeniramini, ambayo ndiyo Piriton yenyewe, na watu wanameza zote mbili. Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe promethazini kabisa, inaweza kumzimisha pumzi. Na ukifungiwa kwenye karatasi vidonge vya "aleji kali" visivyo na jina, uliza kama ni predinisoloni, steroidi ya kumeza. Inafanya maajabu siku ya kwanza, halafu ikiendelea inapandisha sukari na presha na kudhoofisha mifupa.

Dawa iliyomkataa mtu

Hili liandikwe, lisibaki mdomoni. Wengi husema wana aleji ya penisilini kwa sababu iliwavuruga tumbo. Hayo ni maudhi ya dawa, na kwa kukosea jina wananyimwa dawa nzuri siku wanayoihitaji. Upande wa pili wapo ambao dawa za salfa, kama Septrin (ko-trimoksazoli) au SP, ziliwababua. SP ilikuwa dawa ya kwanza ya malaria Tanzania kuanzia 2001 hadi 2006, na wajawazito bado wanapewa kama kinga, kwa hiyo swali la salfa litakuja kliniki. Homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, ngozi inayouma na kuchubuka siku au wiki kadhaa baada ya kuanza dawa yoyote: acha dawa hiyo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwenye kadi usiandike "aleji" peke yake. Andika jina la dawa, siku ngapi zilipita, na kilichotokea, hivi: Ko-trimoksazoli. Siku ya tisa, homa, vidonda mdomoni, ngozi ilibabuka mgongoni. Isitolewe tena.